Kesi ya Mbwa Jikoni

Simu ya marehemu haikuwa na adabu. Mwenyewe kashazikwa, udongo umeshakauka, lakini kila Jumatatu asubuhi ilitetemeka juu ya kabati na kulia kama panya aliyebanwa na mlango. Fundi Makochi aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kuisoma. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuvizia. Neno refu alilikata vipande kama sponji, kisha akaviunga.

"Mzazi mpendwa," simu ilisema.

"Mpendwa wa nani?" Fundi akauliza.

Ilikuwa simu ya mkewe. Binti yao alipoandikishwa chuo cha sheria alitoa namba ya mama. Ya baba ilikuwa bure. Baba akishika kazi huzima simu, na kazi hakuiachia. Tangu hapo chuo kikawa kinamwandikia mama. Sasa mama hayupo na chuo kinaendelea kumwandikia. Ama hakijui, ama kinajua na hakijali. Fundi alishika hilo la pili.

Wiki hiyo chuo kilikuwa na mengi. Jumanne, semina ya kupumua kwa utulivu, ukumbi mdogo, wote mnakaribishwa. Jumatano, chakula cha mchana na mawakili wakongwe, mavazi nadhifu. Siku hiyo hiyo alasiri, namna ya kuandika wasifu wako ukawavutia waajiri. Alhamisi, mwisho wa kesi za mazoezi. Asiyesimama mbele ya jopo atarudia mwaka. Ijumaa, kongamano la ustahimilivu, soda zitatolewa. Na chini kabisa: Kumbuka, hauko peke yako.

Aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili aidharau vizuri.

"Wamefaulu mitihani yote iliyopo," aliyaambia makochi, "sasa wanafundishwa kupumua."

Makochi yalikuwa yamepinduliwa miguu juu katikati ya chumba cha mbele. Hicho ndicho kilikuwa karakana yake. Hayakujibu, na Fundi aliyapenda kwa hilo.

Lakini lile la Alhamisi lilimkaa kooni. Shoka zima, wamelichomeka kati ya wasifu na soda.

Nyuma ya pazia, hatua chache tu toka pale aliposimama, binti yake alikuwa amelala uso ukutani.

Mtaani walimwita Wakili tangu ana meno ya utotoni. Ukimwambia kaoge, atakuuliza kwa kosa gani. Ukimwambia kalale, atataka kujua kama watoto wa jirani nao wameshalazwa, na kama bado, kwa sheria ipi. Mdomo ule ndio uliompeleka chuo. Sasa ulikuwa umefungwa. Tangu mazishi aliamka kwenda msalani, akarudi, akaupa mlango kisogo. Alikula kama mtu anayeonja mboga ya jirani. Ukimwita anaitika "abee", basi, imetosha.

Fundi hakuwa mtu wa kubembeleza. Kubembeleza kulikuwa kazi ya mkewe, kama vile kuchagua kitambaa, na kuwaapia wateja kwamba kochi litakuwa tayari kesho. Yeye alipiga misumari.

Kabla ya hapo, jikoni mwao mlikuwa na mahakama. Mama alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, mwiko mkononi. Binti alisimama mlangoni, shingo ndefu, akatoa hoja zake za chuoni. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Hakujua kifungu wala ibara. Alichokuwa nacho ni neno moja. Binti akimaliza maneno yake makubwa, mama alikoroga sufuria, akasema, "Sijaelewa. Rudia."

Binti alirudia.

"Sijaelewa. Rudia."

Hivyo hivyo, mpaka maneno makubwa yakaisha, yakabaki yale ambayo hata sufuria ingeyaelewa. Hapo mama aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko. Mahakama imesikia. Mtaa ulimwita Jaji, naye akaitika.

Fundi alipiga kelele toka karakana: "Mfungeni huyo, chakula kinaungua!" Hakuna aliyemsikiliza.

Kesi ya mwisho ilikuwa ya mbwa. Walimu wameitunga: mwizi kaingia uani kwa mtu mchana, mbwa kamng'ata paja, mwizi huyo huyo kaenda kumshitaki mwenye mbwa. Binti alipangiwa kumtetea mwizi. Fundi aliposikia alicheka mpaka msumari ukamponyoka mdomoni. Jioni ile mama alikuwa anakohoa. Binti alitoa hoja zake, mama akasema, "Sijaelewa. Rudia." Binti alikuwa amechoka. Akasema, "Basi mama. Nitarudia kesho."

Kesho yake mama akapelekwa hospitali. Aliporudi nyumbani alirudi amefunikwa.

Fundi aliyasikia maneno yale toka karakana, na alijua kwamba binti bado anayasikia, pale ukutani. Hakuna kati yao aliyeyagusa.

*

Dada yake Fundi alikuja kila asubuhi na kikapu na ushauri. Kikapu kilikuwa na faida.

"Mwache mtoto alie, kaka," alisema Jumatatu ile.

"Angekuwa analia ningesikia. Huyu halii."

"Na huo mtihani?"

"Alhamisi. Asiposimama anarudia mwaka."

"Basi atarudia. Mwaka ni nini?"

"Harudii." Fundi alisema kwa sauti ya chini, maana pazia halina masikio lakini lina mtu nyuma yake. "Huyu akiikosa Alhamisi, hatatoka tena pale kitandani. Kichwa kile ni changu, nakijua. Kikilala kimelala."

Shangazi mtu aliweka kikapu mezani. "Sasa si uende chuoni ukawaombe wamsogezee siku?"

"Mimi? Nikaongee na wale?"

"Kaka, miaka yote unawasema wasomi ukiwa umeinamia makochi yao. Nenda basi kawaseme wakiwa wamekaa juu yake."

Fundi akachukua nyundo.

Jumanne alivaa koti. Alikuwa na koti moja, na mara ya mwisho alilivaa makaburini. Mfukoni bado mlikuwa na mchanga. Aliutoa mlangoni kwa kugeuza mfuko, akaukanyaga, akaenda.

Jengo la chuo lilinukia rangi mpya na chai. Pale mlangoni palikuwa na ubao wa matangazo, mnene kama godoro. Kila tangazo limebandikwa juu ya lililotangulia, na hakuna anayebandua, kwa kuwa aliyebandika ni mwingine. Fundi aliubonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Aliona tangazo la dansi, la mwezi uliopita, likichungulia chini ya tangazo la mikopo. Akasema moyoni, hawa hata takataka zao wanazipanga foleni.

Dirisha namba mbili lilikuwa na karani anayekoroga chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Mama yake amefariki, na Alhamisi ana..."

"Kufiwa?" Karani hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Kufiwa ni Ustawi wa Wanafunzi. Panda juu, mlango wenye picha ya ua."

"Na kufa ni wapi?"

Karani alidhani anaulizwa swali. Akafikiri kidogo. "Kufa ni Masjala. Wanafuta jina."

Fundi alipanda ngazi akiwa na furaha ya mtu aliyekwenda kukagua uoza na kuukuta.

Mlango wenye ua ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu, palikuwa na kochi. La manjano. Magoti ya Fundi yalikuwa yamechoka na ngazi, akakaa. Kochi likammeza mpaka kiunoni.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake, na Fundi hakuijua. Anayekaa kwenye kochi la manjano ndiye mwenye shida. Haulizwi jina, haulizwi kaja kwa nani. Ukimwuliza, wanasema, utamwongezea uzito. Anapewa maji, anapewa karatasi laini za kufutia machozi, anachukuliwa.

Fundi hakuwa anafuta machozi. Alikuwa anatafuta springi. Alibonyeza kiti kwa kiganja, akakunja uso: sponji ya kufungia vyombo. Akapapasa chini: mbao za masanduku. Mshono umekwenda kombo kama mlevi. Akaingiza mkono kwenye ufa wa kiti, taratibu, mpaka kwenye kiwiko, na hapo ndipo ofisa alipomkuta, amejikunja, shavu limelalia mto, mkono umezama. Ofisa akaona huzuni imemzidi mzee wa watu.

Alikuwa msichana mdogo, sauti laini kama anaongea na mtoto aliyelala.

"Pole sana, baba. Umefanya vizuri kuja. Twende, wenzako wameshaanza."

"Wenzangu akina nani?"

"Hapa hakuna anayekuhukumu."

Alimshika mkono. Fundi, ambaye mkono wake mwingine ulikuwa bado kochini, alifuata kwa sababu kubaki kungekuwa ni kupasua kitambaa.

Ukumbi mdogo ulikuwa na wanafunzi wamekaa duara, macho wamefumba. Fundi akasukumiwa kiti cha plastiki. "Vuteni pumzi," alisema ofisa. "Ishikeni. Iachieni. Iacheni na mzigo." Fundi alibaki na jicho moja wazi. Akagundua kwamba na wenzake wote wana jicho moja wazi, na chini ya jicho hilo kuna simu.

Kijana mwenye tai aliyekaa kando yake alimnong'oneza, "Mzee, hii inahesabiwa mahudhurio?"

"Mimi nimetumwa na karani."

"Ah. Basi vuta tu, wasije wakakuona."

Fundi akavuta. Alikuwa amevuta pumzi miaka yote ya maisha yake bila msaada wa serikali wala chuo, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumkwama.

Walipomaliza, ofisa alimrudisha kwenye kochi la manjano, akakaa mbele yake na kichwa kimeinama upande.

"Unajisikiaje sasa, baba?"

"Nimekaa vibaya. Hili kochi lina kasoro."

"Ulimpoteza nani?"

"Sijampoteza mtu. Mke wangu najua alipo. Nimemzika mwenyewe."

Ofisa alitikisa kichwa kwa huruma. "Na hizo hasira, unazisikia wapi mwilini?"

"Hasira zangu haziko mwilini. Ziko dirisha namba mbili."

"Uko mwaka wa ngapi, baba? Wa jioni?"

Hapo Fundi alimtazama. Kumbe. Walikuwa wamemwona ni mwanafunzi. Chuo kilikuwa na darasa la jioni la watu wazima, na wazee wenye makoti walipita pale kila siku. Aliona aibu kidogo, kisha akaona kichekesho, kisha akaona mkewe angecheka mpaka angeshika mbavu, na hapo hakuona tena kichekesho.

"Mimi ni fundi makochi," alisema. "Mwanafunzi ni binti yangu. Mama yake ndiye amekufa. Amelala nyumbani, haamki. Alhamisi asimame mbele ya jopo. Nataka asogezewe siku. Nimesema yote. Sina jingine."

Ofisa alinyoosha kichwa. Sauti yake haikuwa laini tena. Ilikuwa ya kawaida, na Fundi aliipenda zaidi.

"Anatakiwa aje kuomba mwenyewe, baba."

"Angeweza kuja mwenyewe, nisingekuja mimi."

"Na hata akija. Maombi ya kusogeza yalifungwa siku ratiba ilipobandikwa."

"Ilibandikwa lini?"

Akamtajia. Ilikuwa Jumamosi ya wiki kadhaa nyuma.

"Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshika koleo," alisema Fundi.

Ofisa alitazama sakafu. "Kwa kweli, baba, mimi sina ninachoweza kusogeza hapa. Sina hata kalamu ya kusainia. Kazi yangu ni kusikiliza."

"Basi umesikia."

"Nimesikia. Mwambie akija nitakuwa mlangoni. Nitasimama naye."

"Kusimama mlangoni," Fundi alisema, "hata ufagio unasimama."

Alijua ni neno baya. Hakulirudisha. Ofisa alimpa mfuko wa chuo, ndani mna chupa ya maji, kalamu, na kikaratasi kimeandikwa Hauko Peke Yako, kile kile cha kwenye simu. Fundi aliubeba mpaka nyumbani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

*

"Wamenifundisha kupumua," aliliambia pazia jioni ile. "Umri huu. Nimekaa duara na vijana wenye tai. Wameniuliza niko mwaka wa ngapi."

Nyuma ya pazia palitoka mlio. Huenda kicheko, huenda kikohozi.

"Siku hawasogezi. Ukitaka kurudia mwaka, rudia. Ukitaka soda, ni Ijumaa."

Jumatano shangazi alipika, akatenga, akasema maneno ya dini, akaondoka na macho mekundu. Sahani ya binti ilirudi na chakula chake, imepoa. Fundi alipiga msumari mmoja, ukapinda. Akapiga wa pili, ukapinda. Akasimama akiitazama nyundo kama imemtukana.

Kisha akaenda jikoni.

Kigoda kilikuwa chini ya meza, pale pale kilipoachwa. Mwiko ulining'inia kwenye msumari. Shangazi alikuja na wake, huo hakuugusa. Fundi alivuta kigoda kando ya jiko, akakaa. Kilikuwa kifupi. Magoti yalimpanda mpaka kwenye masikio. Alitungua mwiko, akavuta sufuria tupu, akaigonga kama anayetangaza moto.

"Mahakama imekaa!"

Kimya.

"Wakili hayupo? Vizuri. Nitahukumu haraka. Mwizi kaingia uani kwa mtu, mbwa kafanya kazi yake. Mwizi afungwe. Mbwa apewe nyama." Akagonga. "Kesi imekwisha."

Kimya.

"Na huyo wakili wa mwizi naye afungwe. Wamekula njama. Ndiyo maana haonekani."

Kitanda kililia.

"Geti lilikuwa wazi," sauti ilisema nyuma ya pazia. Ilikuwa nzito, ya mtu ambaye hajaitumia.

"Geti wazi si mwaliko."

"Hakuna aliyesema mwaliko."

"Basi limeingiaje kwenye kesi hilo geti? Upuuzi. Na geti lifungwe."

Pazia likavutwa. Binti alisimama mlangoni pa jikoni, shuka mabegani, nywele zimesimama upande mmoja. Alitazama kigoda. Alitazama mwiko. Fundi alidhani ataanguka, akajiandaa kuinuka, akakumbuka magoti yalivyokaa, akabaki.

"Nani kakwambia ukae hapo?"

"Nyumba ni yangu, kigoda nimekitengeneza mimi, na kimepinda. Sema au ukalale."

"Uani kwa huyo mwenye mbwa watoto walipita kila siku kufuata mpira," binti alisema. "Yeye alijua. Alijua mbwa wake anang'ata, alishamng'ata mtu. Hakumfunga. Mbwa hajui huyu mwizi na huyu mtoto. Mbwa anang'ata paja tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kosa la mwenye mbwa halikuanza na mwizi. Lilikuwepo tangu asubuhi, linasubiri mtu wa kumwangukia. Angekuwa mtoto tungelia wote. Kwa kuwa ni mwizi tunacheka."

Fundi alikuna shavu kwa mwiko. Hoja ilikuwa nzuri. Ilimkera.

"Upuuzi," alisema.

"Upuuzi vipi?"

"Upuuzi tu. Nyie mliosoma mnapenda wezi."

"Baba, husikilizi!" Alipiga mwimo wa mlango kwa kiganja. "Unakata tu! Mama angesikiliza!"

Hapo jikoni pakawa padogo.

Fundi alilijua neno linalotakiwa. Lilikuwa fupi, mtoto mdogo angeweza kulitamka. Akalitafuta mdomoni, akalikuta, likakataa kutoka. Lilikuwa la mkewe. Alilimeza.

"Mama hayupo," alisema. "Nipo mimi. Na mimi nasema upuuzi. Kesho wako watatu kama mimi, wana tai, na wamekunywa chai nzito. Watakukata kabla hujafungua mdomo. Utafanya nini, utaenda kulala?"

Binti alianza kulia. Alilia kwa hasira, kwa sauti kubwa, makamasi na yote, na katikati ya kilio akaanza tena: geti, mpira, paja. Fundi alisema upuuzi. Akaanza tena, safari hii bila geti. Fundi alisema upuuzi. Akaondoa neno moja la kizungu, akaondoa na la pili. Shuka lilimdondoka hakuliokota. Akasogea hatua moja, kidole kimeelekezwa kwenye pua ya baba yake, na Fundi alisema upuuzi kwa mara nyingine ili tu kile kidole kisishuke.

Shangazi alirudi kuchukua kikapu alichokisahau, akasimama mlangoni ameshika kifua.

"Mnagombana nini nyie? Majirani wametoka nje!"

"Kesi ya mbwa," alisema Fundi.

"Nani kashinda?"

"Bado," binti alisema. Akafuta pua kwa mkono, akaivuta ile sahani iliyopoa, akaanza kula amesimama. "Baba, na wewe toka hapo. Utavunja kigoda."

*

Alhamisi walikwenda pamoja. Binti alivaa sketi nyeusi iliyokuwa kubwa sasa, ameibana kwa pini. Fundi alivaa koti, akatia simu ya marehemu mfukoni.

Nje ya chumba cha jopo palikuwa na benchi la mbao, halina mto. Fundi alilisifu moyoni. Angalau halikudanganya mtu. Kijana mwenye tai alitoka mle ndani amepauka kama aliyetoka kutapika. Alimwona Fundi, akajaribu kutabasamu. "Mzee. Kumbe na wewe ni leo?"

"Mimi nimeahirisha," alisema Fundi.

Ofisa wa ustawi alikuwa mlangoni. Amesimama, mikono kifuani, chupa ya maji kwapani, na kwa sura yake alikuwa pale muda mrefu. Hakusema habari za kupumua. Binti alipoitwa, alimpa maji, binti akanywa nusu, akamrudishia chupa kama watu wanaofahamiana, akaingia. Mlango ukafungwa.

Ofisa hakuondoka. Fundi alimwangalia, akaangalia mlango, akasogea kwenye benchi. Lilikuwa benchi refu, lakini alisogea.

"Kaa," alisema. "Ufagio nao hupumzika."

Akakaa. Ndani sauti zilipanda na kushuka, maneno hayakusikika. Mara ilikuwa ya binti. Mara ikaja ya mwanamume, nene, ikamkata. Kisha kimya kirefu, kama cha umeme uliokatika. Fundi aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Mchanga ulikuwa haukutoka wote. Aliusaga kwa vidole.

Kisha sauti ya binti ikaanza tena, polepole, ya chini, kama anayeongea na mtu mmoja tu.

Alipotoka, macho yalikuwa yameingia ndani na pini ya sketi imefunguka. Ofisa alisimama, akamgusa bega, akaenda zake kwa mwingine aliyekuwa anatetemeka mwisho wa ukumbi. Fundi alibaki amekaa. Aliogopa magoti.

"Haya. Wamesemaje?"

"Maksi watabandika ubaoni."

"Juu ya tangazo la dansi. Utazipata mwakani." Akasubiri. "Sasa?"

"Nimesimama, baba. Mwaka sirudii, hilo limekwisha. Maksi ni maksi."

"Nilisikia wamekukata."

"Yule wa katikati. Mwenye miwani." Binti alitazama pini yake, akaanza kuifunga. "Niliongea vizuri, nikamaliza, kaniangalia hivi, akasema hajaelewa."

Fundi aliacha kusaga mchanga.

"Ukafanyaje?"

"Nikarudia," alisema binti.

Simu ya marehemu ililia mfukoni mwa koti. Fundi hakuhitaji kuisoma. Ilikuwa habari ya soda za kesho. Akaiacha ilie mpaka ichoke. Kisha akanyoosha mkono, binti akamvuta, wakashuka ngazi taratibu kwa ajili ya magoti, wakapita ubao wa matangazo bila kuutazama.